Roboti Inayojiongezea Kiungo: Nani Atakagua Umbo Lake la Kesho?

Julai 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Philippe Martin Wyder, walichapisha katika jarida la Science Advances kazi waliyoiita metaboli ya roboti, yaani roboti kujikuza kwa kujipachika vipande vya nyingine, kama mwili unavyojijenga kwa chakula. Chombo chenyewe ukikitazama hakitishi: ni fimbo yenye betri na mota, hurefuka na kufupika, na ncha zake zina sumaku za kunasa fimbo nyingine. Ikiwa peke yake hutambaa tu. Tatu zikishikana zinakuwa pembetatu, sita, piramidi. Piramidi mojawapo ikajinasia fimbo ya saba, ikaitumia kama mkongojo, na kasi yake ya kuteremka ikapanda kwa zaidi ya asilimia 66.

Wanaoshangilia wana hoja, na ushahidi wao uko Mars. Gari la NASA liitwalo Spirit lilitua huko 2004; mwaka 2006 gurudumu lake la mbele kulia likagoma. Likaendelea kinyumenyume, likiliburuta gurudumu bovu, hadi lilipokwama mchangani 2009. Mawasiliano yakakatika Machi 2010. (Gurudumu hilohilo bovu ndilo lililochimbua udongo wenye silika nyingi, mojawapo ya matokeo makubwa ya safari ile. Ubovu nao una faida zake.) Huko hakuna fundi wa kumtuma. Mashine inayoweza kung'oa kiungo kilichokufa na kupachika kizima ingekuwa na maisha mengine kabisa.

Wenye hofu nao wanaona mashine zitakazokula kila chuma kilicho mbele yao. Hapo naona wametia chumvi. Mnyama huuvunjavunja mlo wake akajenga nyama yake mwenyewe. Roboti hii hupokea vipuri vizima vilivyotengenezwa na watu. Haiwezi kuunda betri wala mota, na programu za mwendo wake ziliandikwa na binadamu. Ukifunga stoo, umeisimamisha.

Kinachonikosesha amani mimi ni ukaguzi. Kiwanda kinaposimika roboti hupima mkono wake unafika wapi, kwa kasi gani na nguvu gani, kisha uzio unachorwa kwa vipimo hivyo. Mkono ukijiongezea nusu mita usiku, asubuhi fundi anasimama nje ya uzio akidhani yuko salama, na cheti ukutani bado kinaeleza mashine ya jana.

Ulaya wamelisogelea jambo hili. Kanuni ya mashine ya mwaka 2023, itakayoanza kutumika Januari 2027, inasema anayeibadili mashine kwa kiasi kikubwa baada ya kuingia sokoni, kwa namna isiyotarajiwa na mtengenezaji na yenye kuleta hatari mpya, anahesabiwa kuwa mtengenezaji mwenyewe. Kanuni inamtaja mtu au kampuni. Mashine ikijibadili yenyewe, mzigo utaangukia nani: aliyeuza fimbo, aliyeandika programu, au mwenye kiwanda aliyeacha vipuri karibu?

Jibu rahisi ni kuorodhesha maumbo yanayoruhusiwa. Lakini faida yote ya mwili wa namna hii ni kukabili lisilotarajiwa, na orodha inaua hilo. Mars, au chini kabisa ya bahari, ningeiachia ijiunde itakavyo. Ghalani penye wafanyakazi, hapana: ikitoka nje ya orodha izime mota zake, ingoje mkaguzi, hata kama shehena italala.