Shangazi kwenye mizani ya alizeti

Nyie, hii kozi ya urubani itanitenga na ukoo. Bado niko kwenye nadharia tu, ndege yenyewe naionaga ikipita juu ya Nkuhungu, ila kuna topiki ya uzito imeniingia kichwani mpaka naiota. Yaani kila kinachopanda ndegeni unakipima, unazidisha kilo zake na umbali wake kutoka kwenye alama waliyoweka watengenezaji, unajumlisha yote halafu unagawa kwa uzito wote, hapo unapata kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote unapobalansi, na kikiwa nyuma sana pua inanyanyuka na kuirudisha ni kazi. Kindege cha Cessna 172S mwisho wake kuruka ni kilo 1,157 na yenyewe humo humo, hata mafuta yanahesabiwa, lita kama kilo 0.72. Na Dodoma tuko juu zaidi ya mita 1,100, jua la saa nane hewa inakuwa nyepesi, ndege inakimbia weeee ndo inyanyuke.

Sasa Jumamosi tunapeleka mahari ya binamu Kondoa, Noah imeshona, nyuma kreti za zabibu na beberu wawili, nikacheki matairi ya nyuma yamelala nikasema kitovu kiko nyuma hichi, hatutoki. Nikaenda kwa jirani anayenunua alizeti nikaazima mizani ya magunia. Wajomba wakapanda huku wanacheka. Ikafika zamu ya Shangazi, kilemba hicho, kitenge kipya, nikamwambia kwa adabu zote, Shangazi panda na pochi yako, maana nayo inahesabika.

Kimya. Hadi beberu.

Akapanda. Na mi kwenye somo la redio tumefundishwa namba husomwa tarakimu moja moja ili mtu asisikie vibaya, basi nikaita kwa sauti: "TISA! NANE!"

Jirani wa alizeti naye, sijui nani alimuuliza, akadakia: "Hapo umeshatoa ya gunia?"

Shangazi akashuka taratibu. "Kwa hiyo mwanangu, gari limezidi?"

"Limezidi Shangazi, kama kilo sabini hivi."

"Na wewe una ngapi?"

"Sitini na nane."

"Basi shuka. Hizo mbili nitavua viatu."

Akaenda kukaa siti ya mbele, ambayo kihesabu ndo hasa alitakiwa akae, ila nani wa kumwambia.