Shangazi Asajiliwa Chuo Kikuu

Barua ya udahili iliyonikubalia kusoma shahada ya uzamili ya elimu kwa njia ya mtandao iliambatana na orodha ya maandalizi ambayo, kwa urefu wake, ingemtosha mtu anayekwenda Hija. Nilitakiwa niwe na kompyuta yenye kamera na maikrofoni, intaneti isiyokatika, meza isiyo na kitu juu yake, ukuta mtupu nyuma ya kiti, na chumba kimya ambamo hataingia mtu mwingine muda wote wa mtihani. Aliyeiandika orodha hiyo bila shaka hajawahi kupanga Tabata, katika vyumba viwili na sebule, pamoja na watoto watatu na jirani anayechomelea mageti tangu alfajiri.

Walimu wenzangu waliosoma zamani katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho sheria ya kukianzisha ilipitishwa mwaka 1992, hunisimulia jinsi walivyojisomea vitabu vya kuchapwa, wakasafiri hadi kituo cha mkoa kufanya mtihani, kisha wakarudi makwao. Hakuna aliyewaomba wamulike chini ya kochi. Mimi niliombwa.

Kompyuta niliipata Kariakoo, ya mtumba lakini yenye afya. Usiku wa kuamkia siku ya mtihani wa majaribio, ambao lengo lake lilikuwa kuhakikisha tu kwamba mitambo ya mwanafunzi inafanya kazi, niliiunganisha na intaneti ya simu ili ipakue programu ya kusimamia mtihani, nikalala. Kulipokucha, bando la GB 10 nililolinunua kwa kujinyima lilikuwa limekwisha, na programu ya mtihani haikuwamo. Windows ilikuwa imejihudumia kwanza: ilishusha masasisho yote iliyoyakosa wakati ikikaa dukani kwenye rafu. Fundi wa simu wa mtaani kwetu alinieleza, kwa sauti ya daktari anayempa pole mfiwa, kwamba kompyuta haijui kuwa Wi-Fi inayotoka kwenye simu ni ya kuhesabiwa, mpaka uingie kwenye mipangilio uiambie kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo. Nikaiambia, kisha nikanunua bando jingine.

Baada ya hapo sikutaka kuachia kitu chochote bahati. Nilinunua umeme, nikasimama mbele ya mita nikibonyeza tarakimu zote 20 za LUKU kwa kidole kimoja, ingawa wapangaji wenzangu walikuwa hawajatoa mchango wao. Watoto niliwapeleka kwa mama mmoja jirani. Fundi wa mageti alikubali kupumzika kwa sharti la soda mbili baridi. Aliyebaki ndani ni Shangazi peke yake, aliyekuja kutoka Same kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa bado limefunikwa bandeji. Nilimweleza kwamba nina mtihani, kwa hiyo asije sebuleni hata nyumba ikiwaka moto. Akajibu, "Nimekuelewa, mwanangu," na kweli alinielewa, kwa kadiri alivyoona inafaa.

Saa nne kamili msimamizi alitokea kwenye kioo: kijana nadhifu mwenye miwani, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuusoma utaratibu ule mara nyingi tangu asubuhi. Alitaka kuona kitambulisho changu, akakiona. Alitaka kuona meza, akaiona, tupu kabisa. Kisha akaniomba niinue kompyuta na kuizungusha taratibu ili akikague chumba. Ukuta ulipita salama, dirisha likapita, kochi likapita juu na chini. Kamera ilipofika mlangoni ilimkuta Shangazi amesimama, khanga imefungwa vizuri, mkononi ana bakuli la makande ya moto.

Yule kijana alikuwa na malezi. Utaratibu ulimtaka aseme kwamba kuna mtu asiyeruhusiwa ndani ya chumba, lakini alipomwona mtu mzima, yaliyomtoka ni, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kwenu wapi?"

"Sijambo, mama. Kwetu Machame."

Hapo nikajua kwamba mtihani umekwisha. Sisi Wapare na Wachaga ni watani, na utani huo haujali kama mko msibani, sokoni au ndani ya kompyuta.

"Mchaga!" alisema Shangazi, akiingia sebuleni bila hata kunitazama. "Ndiyo maana umejifungia humo ndani. Unahesabu hela za nani?"

Nilimwona kijana akipambana na nafsi yake. Aliangalia pembeni, pengine alikokuwa amekaa mkubwa wake, kisha akainama karibu na maikrofoni. "Mama, huko Upareni bado mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku?"

"Tunauza, na kesi tunashinda. Ngoja nikuone vizuri."

Akaweka bakuli katikati ya meza iliyotakiwa kuwa tupu, akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka jicho lake zima likawa shubiri moja kutoka kwenye kamera. Programu, ambayo haikufundishwa utani, ililia kengele. Mraba wa kijani ukauzunguka uso wa Shangazi pamoja na bandeji yake, na sauti ya kike ikaamuru: "Tazama kamera. Usitikisike." Shangazi alikuwa ametoka kupewa amri kama hizo kliniki ya macho wiki nzima. Alitulia tuli, akazuia hata pumzi.

Kompyuta ikatoa mlio wa picha. "Utambulisho wa mwanafunzi umekamilika."

Nilipokaa kitini mwangu, maandishi mekundu yalijaza kioo: sura isiyotambulika mbele ya kompyuta. Nilivua kilemba, nikajipangusa uso, nikasogeza taa. Programu ilinikataa kila namna. Kijana wa Machame alisema kwa unyenyekevu kwamba yeye hana mamlaka ya kubadili picha, akanishauri niiandikie ofisi ya mitambo, kisha akamuaga Shangazi kwa heshima zote na kumwomba amwekee makande.

Ofisi ilijibu kwamba kubadili picha ni rahisi: niingie kwenye akaunti kwa kutumia uso wangu. Nilipoeleza kwamba uso wangu ndio unaokataliwa, walinifafanulia kwamba, kwa mujibu wa taratibu, mwenye sura iliyosajiliwa ndiye atakayejitokeza mbele ya kamera na kuridhia ifutwe. Wakati huo mwenye sura alikuwa amekwisha kurudi Same na macho yake mawili mapya. Nikampigia simu.

"Kwa hiyo chuo kikuu kinanitambua mimi?" aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi. Kwa sasa."

"Na ada umelipa wewe?"

"Nimelipa."

Nilimsikia akivuta kigoda na kukaa vizuri. "Basi nafasi hiyo siiachii hivihivi. Waambie wakiitaka waje huku Same, tukutane mahakamani. Na yule Mchaga awe shahidi, ila nauli ajilipie."