Seli Kujaa Juu ya Plastiki Hakunitoshi

Kila ripoti ya polima mpya (plastiki na jamaa zake) ya kupandikizwa mwilini huja na picha ileile: seli zilizotiwa rangi ya kijani zimejaa tele, na chini yake mtafiti anajipongeza. Mimi huuliza: seli zipi hizo, na zimeshika nini?

Chukua polistirini, plastiki ya sahani za maabara za kukuzia seli. Ikiwa tupu, tone la maji husimama juu yake kama juu ya jani la mgomba, na seli nyingi hubaki viduara visivyoshika vizuri. Ipitishe kwenye plazima, yaani gesi iliyotiwa chaji ya umeme, uso upate oksijeni, tone litatandaa. Baada ya saa kadhaa, kwenye hadubini, seli zimelala bapa na kunyoosha pembe zake. Kilichobadilika ni nanomita chache za juu tu.

Hata hivyo, seli haijaigusa plastiki yenyewe. Protini za seramu, yale majimaji ya damu wanamokuzia seli, zimeshawahi. Leo Vroman, mtafiti wa damu, Mholanzi aliyefanyia kazi Marekani (na kwao alisifika kwa mashairi), alionyesha kuwa protini za damu hupokonyana nafasi juu ya uso: zinazotangulia huondolewa na zinazonata zaidi. Kisha mwaka 1984 watafiti Pierschbacher na Ruoslahti wakabaini kwamba ndani ya fibronektini, protini kubwa mno, seli hushika kipande kidogo kinachojulikana kwa herufi RGD. Ndiyo maana namwamini zaidi anayeanza na PEG, polima inayozikataa protini, halafu akapachika RGD juu yake. Huyo walau anajua seli zake zimeshika nini.

Tena kuna mahali seli zikishika ni hasara. Lenzi ya akriliki (plastiki angavu) ambayo daktari wa macho Harold Ridley alimwekea mgonjwa ndani ya jicho London mwaka 1949 ilileta mapinduzi, lakini hadi leo seli zinazobaki baada ya upasuaji hutambaa nyuma ya lenzi bandia, na mgonjwa akaanza tena kuona ukungu.

Mshipa bandia wa damu ulio mwembamba, wa chini ya milimita 6, ndio mtihani hasa. Tunataka seli za utando wa ndani wa mishipa zitulie pale, na chembe zinazogandisha damu zipite zake. RGD huzivuta zote mbili. Basi anayeniletea mshipa wa namna hiyo anionyeshe kwanza kilichotokea damu kamili ilipopita ndani yake.