Miaka sita nilifundisha bila kutazamwa

Nilipokuja Uingereza kufundisha wauguzi nilijiandaa kushangazwa na vifaa. Na kweli vipo: midoli inayopumua na kutokwa jasho, mikono ya bandia ukiichoma vizuri inatoa damu. Siku tatu nikavizoea. Kilichonitikisa ni mama mmoja wa makamo aliyeingia darasani kwangu wiki ya pili, akavuta kiti hadi nyuma kabisa, akaniashiria niendelee.

Nyumbani nilikuwa mkufunzi miaka sita. Kukaguliwa nimekaguliwa sana: mpango wa somo uko wapi, mahudhurio yamejazwa, mtaala umefika wapi. Lakini mtu wa kukaa anitazame nikifundisha, kuanzia salamu hadi kipindi kuisha, sikumpata hata mmoja. Nilichukuliwa wodini kwa sababu mikono yangu ilikuwa mizuri, nikapewa chaki, basi. Anayejua kutundika dripu atashindwaje kumfundisha mwenzake?

Anashindwa. Yule mama alikuwa na karatasi imejaa vijistari vya kalamu. Tulipokaa baada ya kipindi hakuniambia somo lilikuwa zuri wala baya. Aliniambia nimeuliza maswali 14, na 11 nimeyajibu mwenyewe. Kisha akauliza, "Huwa unangoja kwa muda gani?" Sikujua kwamba kuna kungoja. Baadaye nikasoma kuwa Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliupima muda huo miaka mingi iliyopita: walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu, na wakivumilia hadi tatu, majibu hurefuka na hata wanafunzi wakimya hufungua kinywa. Jaribu kuzihesabu hizo tatu ukiwa umesimama mbele ya watu wanaokukodolea macho, ndipo utajua urefu wake.

Nilinuna, nisiwadanganye. Siku nzima nilijiambia huyu hajui tulikotoka, darasa la watu mia moja na zaidi. Jioni nikatambua kwamba hata wangekuwa watano ningejijibu vilevile.

Jambo la pili lililonifikirisha ni usimamizi wa wodini. Mwaka 2018 baraza la wauguzi na wakunga la huku lilitoa viwango vipya vilivyotenganisha kazi mbili: anayemwelekeza mwanafunzi siku hadi siku, na anayeamua kama amefuzu. Kwa mwanafunzi mmoja, mtu hawezi kuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Wapo wanaolalamika kwamba mtathmini hamjui mwanafunzi vya kutosha, na si uongo. Ila mimi nilimkumbuka binti mmoja niliyemsimamia nyumbani, ambaye kila mgonjwa aliyempima presha alikuwa na 120/80, presha ya mtu mzima wa afya. Wote, mpaka bibi aliyelazwa kwa kiharusi. Masikini alikuwa hasikii chochote kwenye ile stetoskopu, na asingethubutu kuniambia, kwa sababu kalamu ya alama nilikuwa nayo mimi. Nilimgombeza mbele ya wagonjwa. Mpaka leo likinijia naona haya.

Sisemi huku ni peponi. Muuguzi huhuisha usajili wake kila baada ya miaka 3, na moja ya masharti ni saa 35 za kujiendeleza pamoja na tafakuri tano za maandishi. Nimeona watu wazima wakiziandika zote tano usiku mmoja, chai ikipoa pembeni. Na kukosoa kwao kumefungwa pamba kiasi kwamba mwanafunzi anaondoka akitabasamu, hajui amefanya kosa. Kwetu angejua, hilo halina ubishi, hata kama angejua huku akilia.

Wenzangu wa nyumbani wakinipigia wananiuliza habari za midoli. Midoli ni ghali, na ikiharibika inafungiwa stoo. Ningekuwa na uwezo ningebeba vitu viwili visivyo na uzito. Kimoja ni kile kiti cha nyuma. Kingine ni mbinu iliyochapishwa mwaka 1992 na madaktari wa familia wa Marekani, ya kufundisha kwa dakika chache kando ya kitanda: mwache mwanafunzi aseme anadhani mgonjwa ana nini, muulize amejuaje, mpe kanuni moja ya jumla, mtajie hasa alichofanya sawa, kisha mrekebishe alipokosea. Haihitaji umeme. Ugumu wake uko kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu inamtaka mkufunzi anyamaze, na sisi tumezoea kwamba mkufunzi akinyamaza hajui.

Semina zetu zinafundisha kila kitu kipya kuhusu ugonjwa, na karibu hakuna kitu kuhusu kufundisha. Mtu anarudi na cheti cha mwongozo mpya wa matibabu, anausoma neno kwa neno mbele ya darasa, na hapo tunahesabu amejiendeleza.

Mwezi uliopita nilimsimulia haya rafiki yangu tuliyefundisha naye. Juzi amenitumia ujumbe wa sauti. Amekaa nyuma ya darasa la mwenzake na karatasi ya vijistari. Mwenzake hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu akamfuata ofisini, akamuuliza zamu yake ya kukaa nyuma ni lini.