Hawakufia kwenye ndege

Juzi saa sita usiku mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti. Ameanza kuangalia ile tamthilia ya Lost kwenye simu, yuko epsodi ya saba ya sizoni ya kwanza, na tayari kaimaliza. "Mjomba, hii nimeshaielewa. Hawa wote walikufa siku ile ndege ilipoanguka. Hapo wako toharani tu." Kisha akacheka kile kicheko cha mtu aliyekula njama na mwandishi.

Sikumjibu. Nilikaa kitandani nimenuna kama vile kanitukania mtu wa nyumbani. Hoja hiyo nimepigana nayo tangu 2010, na kila nikidhani imezikwa inafufukia mdomoni mwa mwingine.

Kwa ambao hawakuwepo: sizoni ya kwanza ilianza kurushwa na ABC ya Marekani tarehe 22 Septemba 2004, ya sita ikafunga tarehe 23 Mei 2010. Ndege ya Oceanic namba 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani na kudondokea kisiwa cha Pasifiki. Walionusurika wanakuta mambo. Dubu wa barafuni anakimbiza watu kwenye joto. Moshi mweusi unang'oa miti na kuua. Jamaa mmoja, John Locke, alipanda ndege akiwa mtu wa kiti cha magurudumu, akaamka ufukweni anatembea. Mengine nitayataja yakihitajika, na nitamwaga siri zote, kwa hiyo kama una mpango wa kuiona, rudi baadaye.

Sisi tuliionea Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye banda la mabati hatua chache kutoka mwaloni. Asiyejua mambo ya ziwa atashangaa kusikia kwamba ratiba yetu ilipangwa na mwezi. Dagaa hufuata taa. Kwenye giza unawasha karabai, wanapanda kwenye mwanga, unainua wavu. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa chini ya taa moja kubwa ambayo huwezi kushindana nayo, basi mitumbwi inapumzika mpaka giza lirudi. Siku hizo za mbalamwezi vijana wa majini walikuwa na usiku mzima wa kukaa bure, na mwenye banda alilijua hilo. Epsodi nne mpaka sita kwa usiku, kiingilio shilingi 200. Giza la mwezi likirudi, watu wanarudi majini na maswali yao.

Disiki zenyewe zilikuwa za kuchoma, na picha iliganda kila panaponoga. Bado namwona Hurley, yule bonge kati ya walionusurika, kaganda mdomo wazi, vimraba vya kijani vimemtapakaa shavuni, mwenye banda anaitoa disiki kwenye deki, anaipulizia pumzi, anaifuta kwenye shati, anairudisha, inaganda palepale. Inabidi kuruka. Epsodi nzima imeliwa. Ongeza kwamba wengi wetu Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji, na wale wawili watatu waliokuwa wakitafsiri kwa sauti walikuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe. Pengo hilo lazima lizibwe na kitu, na tulichozibia ni nadharia.

Chukua ile meli, Black Rock. Watu wanaikuta katikati ya msitu, mbali kabisa na maji, meli ya matanga ya karne ya 19. Kibirizi hakuna aliyeshtuka. Kijana mmoja alisema, "Ililetwa vipande vipande, pesa ikaisha kabla hawajaifikisha majini," na banda likaitikia, kwa sababu meli tunayoijua sisi ililetwa hivyohivyo. Liemba, meli ya ziwa letu, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi huku mwisho wa reli. Ikaelea 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya. Kwa mtu aliyekulia kwenye stori hiyo, meli porini ni suala la usafirishaji tu. (Walipoingia ndani wakakuta mifupa bado imefungwa minyororo, banda lilinyamaza. Ujiji iko pale jirani, na tunajua misafara ya watumwa ilipitia wapi.)

Nadharia ile haikuwa sahihi. Sizoni ya sita ilionyesha kwamba wimbi kubwa ndilo lililoirusha meli nchi kavu, ikavunja sanamu kubwa njiani. Lakini uzuri wake ni kwamba ungeweza kuikagua. Reli iko wapi? Makasha yako wapi? Hakuna. Basi imekufa, leta nyingine.

Kilichotusumbua zaidi kilikuwa ile ndege ndogo. Locke na mwenzake Boone wanaikuta imenasa juu ya miti, ndani kuna sanamu za Bikira Maria zilizojazwa heroini. Sizoni ya pili inatuonyesha ilikotoka: Nigeria, na ndani yake alikuwemo Yemi, padri, ndugu yake Bwana Eko, mmoja wa walionusurika. Labda huko Marekani Nigeria na Pasifiki zote ni "mbali" tu. Kwetu alikuwepo mwalimu wa jiografia. Alisimama mbele ya kioo, akawazibia watu. "Jamani, ndege ya propela mbili itoke Nigeria, ivuke bara zima, ivuke Bahari ya Hindi, ipite Australia. Mafuta inajazia wapi?"

Jibu likatoka nyuma, kwenye benchi la wahuni: "Mwalimu, kaa chini. Hawa wameshakufa. Marehemu hahitaji mafuta."

Banda likavunjika mbavu, na tangu usiku ule nadharia ikapata wafuasi. Wakristo wakaiita toharani, Waislamu wa Ujiji wakaiita barzakhi, wakapeana mikono. Sijawahi kuona dini mbili zikiafikiana haraka namna ile.

Aliyekataa alikuwa kaka mmoja nahodha wa mtumbwi, mtu wa maneno machache, Lost yenyewe anaiangalia huku anashona wavu. Nilikaa karibu naye nikamsikia. "Ndege haikukifuata kisiwa. Kisiwa ndicho kilikuwa huko." Nikamwuliza, kaka, kisiwa kinahamaje? Akaweka wavu chini. "Dogo, kaa juu ya maji usiku wa giza saa tano, wavu uko chini, macho yako kwenye karabai. Ukiinua kichwa, taa za Kigoma zilizokuwa mkono wako wa kulia ziko mgongoni. Wewe hujapiga kasia hata moja. Akili yako itakwambia mji ndio umehama. Sasa wewe unayesema kisiwa hakihami, ulikuwa umeshikilia nini?"

Sikuwa na la kusema. Na ukifikiria, milima ya Kongo ng'ambo tunaiona asubuhi baada ya mvua kama ya kugusa kwa mkono, halafu kiangazi, moshi na vumbi vikitanda, inapotea hata wiki nzima. Hakuna anayesema imekufa.

Hiyo ilikuwa kabla hatujafika sizoni ya nne. Tulipofika, mwishoni kabisa, Ben, mkubwa wa wale waliokikuta kisiwa kabla ya ndege, anashuka chini ya ardhi kwenye baridi, anasukuma gurudumu, na kisiwa kinatoweka baharini huku Jack, daktari anayewaongoza walionusurika, na wenzake wanakitazama kutoka kwenye helikopta. Banda lililipuka. Yule kaka hakusema neno. Alinyoosha tu mkono akakusanya sigara alizowekeana dau na wenzake. Sizoni ya tano ikaja kupiga muhuri: bibi mmoja, Eloise Hawking, anawaeleza Jack na wenzake kwamba kisiwa hakitulii mahali pamoja, na kwamba kituo kizima kilijengwa kwa ajili ya kukadiria kitakuwa wapi. Mifupa ya dubu wa barafuni ilikutwa jangwani Tunisia, na Ben naye akatokea jangwani hukohuko baada ya kusukuma lile gurudumu. Hapo tuliunganisha wenyewe: kama kisiwa kinaweza kumtema mtu Afrika, ndege ya Nigeria haina ajabu tena.

Sasa niambie ile ya "wameshakufa" ilitupa nini. Uliza dubu, unajibiwa watu wale wamekufa. Uliza namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42 zilizompa Hurley mamilioni na mikosi, zikijumlishwa ni 108, na kitufe kinachobonyezwa kila baada ya dakika 108. Wamekufa. Aliyeishika hahitaji hata kuangalia. Anaweza kwenda kununua mihogo ya kuchoma, akarudi, hajapitwa na kitu. Mwalimu wetu alikosea, kijana wa makasha alikosea, lakini hao walikuwa wanaangalia.

Nawaelewa kidogo, nikubali. Sizoni ya sita ina yale maisha ya pembeni ambamo ndege haikuanguka, na mwishoni tunajua kwamba hayo ya pembeni, na hayo tu, ndiyo ya baada ya kifo. Christian Shephard anamweleza mwanawe Jack kanisani bila kuficha: yaliyowapata kisiwani yalitokea kweli, na kila mmoja alikufa kwa wakati wake, wengine kabla ya Jack, wengine miaka mingi baadaye. Halafu chini ya majina ya mwisho zikapita picha za mabaki ya ndege ufukweni, hakuna hata mtu mmoja. Watu wakasema unaona, hakuna aliyepona. ABC ndio waliozibandika zile picha ili mtazamaji apate kupumua kabla ya vipindi vingine, na baadaye wakalazimika kueleza kwamba hazikuwa sehemu ya hadithi. Kibirizi hata hatukuhitaji kupotoshwa nazo. Disiki yetu ilikwaruza palepale kanisani, baba na mwana wamesimama, midomo inacheza, sauti haitoki.

Wapo pia wale wa upande wangu wanaoapa kwamba kila kitu kilijibiwa. Hao nao wananichosha. Walt je? Walituapia kwamba mtoto huyu si wa kawaida, kisha wakamwondoa. Sizoni tatu za mwanzo ni kama siku 90 tu za kisiwani, na Malcolm David Kelley, aliyemwigiza, alikuwa anarefuka kama mgomba. Hilo ni tatizo la kamera wala si fumbo. Na Eko waliyemuua sizoni ya tatu sitawasamehe, mtu mzima yule, akabutuliwa na moshi kama kiroba.

Lakini nina nadharia yangu juu ya nadharia yao, na nimeibeba miaka yote hii. Banda lilikuwa na sheria moja iliyorithiwa kutoka muvi zote tulizowahi kuona: stelingi hafi. Na stelingi alikuwa Jack. Waandishi mwanzoni walikusudia kumuua kwenye epsodi ya kwanza kabisa, wakaghairi. Wangefanya hivyo, mwenye banda angerudisha shilingi 200 zetu zote. Wakamwacha sizoni sita. Tukamzoea na ubishi wake, machozi yake, na ile ndevu mbaya ya sizoni ya tatu.

Usiku wa mwisho anarudi kwenye mianzi ileile alikozindukia siku ya kwanza, tumbo linavuja damu. Anaanguka chali. Yule mbwa, Vincent, anatokea vichakani na kujilaza ubavuni kwake. Juu inapita ndege na wenzake ndani yake. Jicho linafumba.

Banda zima kimya, jenereta tu nje. Wengi mle walikuwa na mtu aliyebaki ziwani. Ndipo kijana wa benchi la nyuma, yule wa marehemu na mafuta, akasema kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto: "Aah, si alishakufa siku nyingi huyu."

Nahodha akasimama, akakunja wavu wake.

"Amekufa sasa hivi," akasema. "Si tumemwona wote."

Akatoka kwenda kuangalia mtumbwi wake.