Mkono wa mjomba

Mjomba alikuja Glasgow kututembelea. Tulipotoka kituo cha treni akanishika mkono, vidole ndani ya vidole, kama alivyozoea tangu utoto wangu tukitoka msikitini Kibokoni. Nikauvuta mkono, nikajifanya natafuta simu. Hakusema kitu. Alifunga mikono yake nyuma, tukaendelea na safari.

Kwetu Mombasa mwanamume kumshika mwenziwe mkono ni adabu. Ni kumwambia maneno yetu bado hayajesha. Unamsindikiza mgeni hadi mlangoni umemshika, na pale mlangoni mnaweza kusimama nusu saa nyingine, mkono umo mkononi, mkizungumza habari ya mvua au ya mtoto anayeoa. Huku Uskoti wanaume wawili wakitembea hivyo, wapita njia huwachukulia kuwa wapenzi. Sina neno na wapenzi, watembee kwa amani. Linaloniuma ni kwamba rafiki, ndugu na mjomba hawakuachiwa nafasi. Wanawake hukumbatiana na kushikana viganja bila kutazamwa sana. Anayechungwa ni mwanamume.

Na hii ndiyo nchi ambayo mwanamume huvaa kilti, vazi mfano wa sketi! Wiki hiyo tulialikwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Bwana harusi na kaka zake walivaa kilti za sufu zenye marinda nyuma, kimkoba cha ngozi mbele, soksi hadi magotini. Mjomba, mtu wa kikoi, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama sufu haiwashi.

Vazi hilo lina historia ya uchungu. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, ambapo jeshi la mfalme liliwashinda waasi, wengi wao wa Nyanda za Juu za Uskoti, bunge la London lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya huko, kilti ikiwemo, isipokuwa askari wa mfalme. Kosa la kwanza, kifungo cha miezi sita. Kosa la pili, kupelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilifutwa 1782, na leo kilti ndiyo fahari ya harusi zao.

Mkono wetu sisi haukukatazwa na sheria yoyote. Tunauachia wenyewe, kwa haya ya kutazamwa. Hata nyumbani, nilipokwenda mara ya mwisho, vijana wa mtaani kwetu walikuwa wakitembea kila mmoja na mikono yake mfukoni, na mmoja aliniambia kushikana ni mambo ya wazee. Mimi nasema tumepokea aibu isiyokuwa yetu, na tukiizoea watoto wetu wa kiume watakua bila kuguswa na mtu ila kwa ngumi.

Siku ya mjomba kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, nilimshika mkono mimi. Watu wawili watatu waligeuka. Yeye akaanza kunihadithia paa la nyumba ya nyanya linavyovuja, na mafundi wanavyomzungusha, hata tukafika kwenye ukaguzi, na paa lilikuwa bado halijazibwa.