Anza na TV ya chogo

Desemba ikiingia, mpiga video wa Moshi halali. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, harusi zinafuatana Jumamosi kwa Jumamosi, kipaimara na ubatizo vinajazia katikati, na kila mwenye shughuli anataka video yake kabla mgeni wake hajapanda ndege pale KIA. Kwenye pilikapilika hizo ndimo nilimojifunza ninachokisema leo: harusi ihaririwe mara moja tu, diski za kila aina zitoke kwenye projekti hiyo hiyo, na TV ya kufikiriwa kwanza iwe ile mbovu kuliko zote zitakazoicheza, yaani chogo, TV ya kizamani yenye mgongo mnene.

Najua wenzangu wanacheka. Diski, enzi hizi? Mpe mteja flashi yaishe. Flashi nawapa. Lakini niliwahi kwenda Kibosho kwa mama mmoja, nikakuta flashi niliyompa mwaka mmoja nyuma imejaa nyimbo za kusikiliza kwenye gari la mwanawe. Harusi haimo. Wala kijana hakufanya kwa ubaya: alihitaji flashi, akaikuta kabatini, akaifomati. DVD-R ikishachomwa na kufungwa, hakuna mjukuu wa kuandika kitu juu yake. Na mama mwenyewe deki anaijua vizuri kuliko hiyo rimoti ya TV mpya yenye vitufe hamsini.

Zamani nilikuwa nafanya kama wengi wanavyofanya mpaka leo. Nahariri, natoa MP4 moja nzuri, halafu MP4 hiyo naigeuza kuwa DVD, na mteja akitaka VCD naitoa kwenye DVD. Nakala ya nakala ya nakala. Ni sawa na majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu: rangi bado ipo, chai hakuna. Kila unapoibana picha upya unatupa kitu, na ulichokitupa jana hakirudi leo hata ukitumia programu ya gharama.

Sasa nina projekti moja ya 1920 kwa 1080, na alama za chapta naziweka mara moja tu: Kanisani, Keepi lefti, Ukumbini, Keki, Ndafu, Zawadi. (Anayedhani Ndafu haistahili chapta yake hajawahi kufanya kazi huku kwetu.) Kutoka hapo natoa njia tatu, kila moja ikichota kwenye picha halisi za kamera: MPEG-2 ya 720 kwa 576 kwa ajili ya DVD, H.264 ya ukubwa kamili kwa ajili ya Blu-ray (diski ya picha kali kuliko DVD), na faili la flashi. Mama wa bibi harusi akipiga simu kusema mjomba fulani aliyezidiwa aondolewe, namwondoa sehemu moja na diski zote zinapona.

Ila projekti moja haikuepushi na makosa, na langu la aibu zaidi lilikuwa la nusu-fremu: kila fremu hugawanywa nusu mbili zenye mistari inayopishana, zikaonyeshwa moja baada ya nyingine. Kamera yangu ya wakati huo ilirekodi 1080i (mistari 1080 kwa nusu-fremu), ambayo hutanguliza mistari ya juu. Mimi nikatumia mpangilio wa DVD niliourithi tangu enzi za kanda za DV, ambazo hutanguliza mistari ya chini. Kwenye kompyuta sikuona kitu. Nikachoma nakala kumi na mbili, nikapeleka. Jioni naitwa nyumbani kwa wenye harusi, TV ya chogo sebuleni, familia nzima imeketi. Kanisani pametulia, kila kitu shwari. Yakaja matarumbeta yakiingia ukumbini, na kila mtu anayecheza anaruka mbele, anarudi nyuma, anaruka mbele, kama ana degedege. Baba mwenye nyumba akanigeukia taratibu: "Kijana, hawa watu wana nini?" Diski kumi na mbili zikarudi dukani. Tangu siku hiyo nina chogo yangu kuukuu mezani, na hakuna diski inayotoka kabla sijaitazama humo dakika tano, tena pale pa sebene.

Chogo hiyo ndiyo iliyonifundisha na maandishi. Picha pana ikichezwa kwenye TV ya mraba, deki huweka mikanda myeusi juu na chini, na ile mistari 576 inabaki 432 ya picha. Hapo majina ya maharusi uliyoyaandika kwa herufi nyembamba za madoido yanameremeta kama siafu. Kingo za TV nazo hula pembeni. Kwa hiyo maandishi yangu yote hukaa ndani ya asilimia 80 ya katikati, herufi nene, na menyu vilevile: naichora kwa ukubwa wa Blu-ray, lakini vitufe navipangia rangi mojamoja zilizokolea, kwa sababu DVD haina rangi nyingi za kuonyesha kitufe kilichochaguliwa. Menyu inayosomeka kwenye chogo haijawahi kulalamikiwa kwenye flati ya inchi 55. Kinyume chake nimelalamikiwa sana.

Halafu kuna urefu. Hesabu yangu ni moja: 560 gawanya kwa dakika, unapata megabiti kwa sekunde zitakazoenea kwenye DVD ya gigabaiti 4.7, sauti ikiwemo. Harusi ya dakika 90 inapata kama 6.2, safi kabisa. Ya saa tatu inapata 3.1, na hapo shampeni ikifunguliwa au maua yakirushwa unaona vijiboksi vitupu. Blu-ray ya gigabaiti 25 kwa saa hizo hizo tatu inakupa zaidi ya 18, kwa hiyo ukihariri ukiifikiria Blu-ray peke yake utajiona huru kuacha kila hotuba. Usiache. Mimi DVD ndiyo inayoniamulia urefu: ama nakata hotuba, ama nagawa diski mbili, kanisani na ukumbini. Diski za tabaka mbili za gigabaiti 8.5 sizipendi, kwa sababu deki za zamani huganda kidogo pale leza inapohama tabaka.

Blu-ray huku si nyingi. Wateja wangu wengi wenye nayo hawajui kama wanayo, maana ni ile PlayStation 3 ya watoto. Blu-ray nayo ina ukorofi wake: ukirekodi 1080 kwa fremu 25 kamili kwa sekunde, jua kwamba fremu 25 kamili za ukubwa huo hazimo kwenye kanuni za Blu-ray. Zimo 24, au nusu-fremu 50. Fremu zako 25 zinaingia zikiwa zimevalishwa koti la nusu-fremu 50, na picha haipungui chochote, lakini usipolijua hilo programu itakugeuzia mwendo wote kuwa 24 bila hata kukuuliza.

Walioko Marekani sasa nawatumia faili tu. Niliwahi kumpelekea binti wa mtu diski ya PAL, mfumo wa video wa huku kwetu, deki yake ikaikataa. Kule wao ni NTSC, 720 kwa 480, na deki zao nyingi hazina habari na PAL. Sisi deki zetu nyingi zinacheza zote mbili, ndiyo maana huwa tunasahau.

Programu niliyoipenda kwa kazi hii ni Encore ya Adobe: projekti moja, leo unatoa DVD, kesho Blu-ray. Iliishia toleo la CS6 la mwaka 2012, na Apple walikuwa wameshaiacha DVD Studio Pro mwaka 2011. Wakubwa waliamua diski imekufa, bila shaka bila kupita Kibosho. Mimi Encore bado ninayo kwenye kompyuta yangu ya zamani, ambayo haijui intaneti na sitaki iijue. Asiye nayo, DVDStyler ni ya bure na kwa DVD inatosha.

Yule mama wa flashi nilimchomea upya. Projekti ilikuwa bado ipo, chapta zake zote sita, sikugusa kitu, na alinipa mkungu wa ndizi uliokuwa mzito kuliko begi langu la kamera. Mwanawe naye akaja na aibu zake kuomba ya kuangalia kwenye TV ya chumbani kwake. Faili lilikuwa gigabaiti tano, flashi yake ya FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi nne, kwa hiyo nilimgawia vipande viwili. Nikahakikisha kwanza kwamba flashi ni yake.